Baada ya Moto, Tuwaulize Hali Waliouzima
(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wahisani)



Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, ukateketeza uoto kwa siku kadhaa. Pamoja na askari wa TANAPA, Zimamoto na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipanda mamia ya watu wa kujitolea, wakiwemo wanavijiji wa kandokando ya hifadhi. Oktoba 2022 moto ulizuka tena, safari hiyo karibu na kambi ya Karanga.

Moto ukiwaka tunachangia maji, chakula na buti. Hilo ni jema. Lakini ukishazimika, nani anamwuliza hali aliyeuzima? Mtu aliyegeuziwa moto na upepo ghafla, gizani, anaweza kukaa wiki kadhaa bila usingizi. Harufu ya kuni za jikoni inamshtua. Anawakaripia watoto bila sababu, au anahamia kilabuni kwenye mbege, nasi tunamwita mlevi. (Wanaume wa kwetu hawasemi wanaogopa, watasema kichwa kinauma.)

Tusimlazimishe kusimulia yaliyompata mbele ya jumuiya. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na World Vision na War Trauma Foundation, unafundisha mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Wengi hupata nafuu wakilala, wakila na kuwa na watu wao. Ambaye mwezi umepita bado anateseka apelekwe hospitali. Anayesema heri afe asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo. Maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya daktari.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ndogondogo iandike majina ya waliopanda, na watu wawili wawatembelee nyumbani wiki ya kwanza, kisha warudi baada ya mwezi.

Kwenu wahisani, fungu la moto lisiishie kwenye vifaa. Lilipie mafunzo ya makatekista, nauli ya hospitali, na kifuta jasho kwa siku za kazi ambazo mtu wa kujitolea amezipoteza. Hili la mwisho lina wapinzani, wakisema kujitolea ni kujitolea. Sisi tunalisimamia: mwenye deni dukani hatulii moyo hata akishauriwa vipi.

Majina ya watembeleaji yafike ofisini kabla ya mwisho wa Agosti, maana Septemba na Oktoba mlima huwa mkavu.