Mabwawa Yalihesabiwa, Samaki Hawakuhesabiwa



Mwaka 1967 unakumbukwa Tanzania kwa Azimio la Arusha, na kwa andiko la Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea lililotolewa mwezi Machi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka huo huo Serikali ilianzisha pia kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki. Jambo lenyewe halikuwa geni, kwani majaribio ya kufuga perege yalikwisha anza Korogwe na Malya mwaka 1949. Ilipofika mwaka 1968 mabwawa yalihesabiwa kufikia 8,000. Tarakimu hiyo ilipendeza sana katika taarifa. Lakini baadhi ya mabwawa hayo yalikuwa na mita za mraba 20 tu, yaani sakafu ya chumba kimoja. Mengine yalichimbwa penye maji ya baridi, na mengi yakaachwa yakaota majani. Kampeni ilishindwa, wala si kwa uvivu wa wananchi. Wananchi walichimba. Kilichokosekana ni mafunzo ya nini kifuate baada ya jembe kuwekwa chini.

Mafunzo hayo huanzia kwenye udongo. Mfugaji huchukua udongo wenye unyevu, akaufinyanga uwe tonge, akaurusha juu na kuudaka. Ukivunjika, una mchanga mwingi na hautashika maji. Ukibaki tonge, kuna mfinyanzi wa kutosha. Bwawa linalofaa kwa mwanzo ni la mita za mraba 200 hivi, lenye kina cha sentimita 75 upande mmoja na mita moja na robo upande wa pili, likiwa na mteremko ili maji yote yaweze kutolewa. Bwawa lisiloweza kukaushwa halina bwana. Samaki ndio wanaolitawala.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani kwamba maji meupe ndiyo maji mazuri. La hasha. Perege hula vimelea vya kijani vidogo mno vinavyoota majini, na vimelea hivyo huhitaji mbolea kama mahindi yanavyoihitaji. Samadi ya ng'ombe au ya kuku huwekwa pembeni mwa bwawa, ndani ya uzio wa fito, hata maji yakageuka kijani. Kipimo hakihitaji maabara. Mfugaji huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni wakati maji yamefika kiwikoni, mbolea inatosha. Kikionekana waziwazi, iongezwe. Kikipotea mapema, isimamishwe mara moja, kwa sababu vimelea vilivyozidi hutoa hewa mchana lakini huitumia usiku. Alfajiri samaki huonekana wametoa midomo juu ya maji, wakihema. Hao hawashangilii mapambazuko. Wanakosa hewa, na dawa yake ni kuingiza maji mapya upesi.

Chakula cha nyongeza ni pumba, mashudu na dagaa waliosagwa, asubuhi na jioni, mahali pale pale kila siku ili mfugaji aone kama kinaliwa. Maji yakiwa na joto la sentigredi 25 hadi 30 perege hukua vyema. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na pumba inayotupwa huoza tu.

Tatizo kubwa la perege ni uzazi. Huanza kuzaa akiwa na miezi michache, na bwawa lililopandwa vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba linaweza kujaa maelfu ya samaki wa ukubwa wa kidole, wote wana njaa. Mwenye bwawa hufurahi kwa wingi wao, kumbe amefilisika. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kufuga madume peke yao, ambao pia hukua upesi kuliko majike, au kuwatia kambare wadogo baadaye ili wale watoto wanaozidi. Kambare wakitangulia, au wakiwa wakubwa, watakula mtaji wenyewe.

Kwa shule liko swali ambalo mipango mingi hulikwepa: nani atalisha samaki wakati wa likizo? Perege hawajui mihula. Bila zamu iliyoandikwa, yenye majina ya walimu pamoja na ya wanafunzi, bora bwawa lisichimbwe. Na daftari la bwawa liandikwe kila siku: mbolea, chakula, waliokufa, waliovuliwa, hata mnandi na fisi maji walioonekana. Ofisa anayekuja kukagua aombe daftari hilo kwanza, na taarifa anayoipeleka wilayani itaje kilo.

Mavuno huja baada ya miezi sita hivi au zaidi. Maji hutolewa, tope hupelekwa bustanini, na bwawa huachwa likauke kabla ya kupandwa tena. Siku hiyo ndiyo yenye kishawishi. Wanafunzi waliobeba samadi wakiona ndoo za samaki wakubwa zikielekea nyumba za walimu, watakuwa wamefundishwa somo jingine kabisa. Mizani iwekwe kando ya bwawa, samaki wapimwe mbele yao, na jumla ya kilo iandikwe ubaoni kabla ya samaki hata mmoja kuondoka.