Ruzuku ya Nishati ya Nyumbani: Haki ya Mnyonge na Wajibu wa Jumuiya

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa halmashauri ya walei na jumuiya ndogo ndogo)



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani imeamua leo kuzungumzia jiko. Mmezoea kuisikia Tume ikisemea mirathi ya wajane, migogoro ya ardhi na mahabusu waliosahauliwa gerezani. Lakini haki huanzia pale mtu anapoishi, na katika nyumba nyingi za Tanzania jikoni ndipo panapokula fedha, nguvu na afya za watu bila kelele.

Mama anayepikia mafiga matatu huchoma kuni nyingi, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea hewani bila kukifikia chungu. Moshi nao hubaki ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yake zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Huko mjini, asiye na uwezo wa kununua gunia la mkaa hununua kopo moja asubuhi na jingine jioni, na akijumlisha hesabu ya mwezi, hukuta amelipa zaidi ya jirani yake aliyenunua gunia. Umaskini una gharama zake.

Msaada uliopo

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika mwaka wa fedha 2024/25 Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipanga kusambaza mitungi 452,445 ya gesi ya kilo 6, pamoja na vichomeo vyake, kwa ruzuku ya hadi asilimia 50. Majiko banifu, yale yanayopunguza matumizi ya kuni na mkaa, nayo yametiwa katika mpango wa ruzuku.

Upo pia msaada ambao wengi hawautambui kuwa ni msaada, nao ni umeme. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Mwenye nyumba ndogo asiye na fedha za kutandaza nyaya anaweza kutumia kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye soketi na taa zake. Tena mteja wa majumbani ambaye matumizi yake hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi huwekwa katika kundi la D1, ambapo uniti moja ni shilingi 100, nayo hufika kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Katika kundi la juu yake uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Maharage yaliyolowekwa yakipikwa katika jiko la umeme la presha hayamalizi uniti moja. Linganisheni na kopo la mkaa.

Fedha hizi ni za nani?

Nawaomba mtazame stakabadhi ya LUKU. Humo mtaona asilimia 3 iliyokatwa kwa ajili ya REA. Ipo pia tozo ndani ya bei ya petroli na dizeli, kwa hiyo hata asiye na umeme huchangia anapolipa nauli ya basi au anaponunua chumvi iliyosafirishwa kwa lori. Michango hiyo huingia katika Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005.

Basi, mwananchi anayepokea ruzuku anarudishiwa sehemu ya alichokitoa. Hapaswi kuipokea kwa kupiga magoti, wala kiongozi yeyote hapaswi kuigawa kama zawadi yake mwenyewe. Jambo hili tulifundishe wazi, kwa sababu anayedhani anafadhiliwa hathubutu kuuliza.

Kwa nini haimfikii mnyonge?

Chukulieni mfano wa mjane anayeishi mbali na barabara. Mtungi unauzwa nusu ya bei, lakini nusu nyingine yatakiwa taslimu siku hiyohiyo, naye hana. Anaombwa kitambulisho cha Taifa au namba yake, naye hakujiandikisha. Tangazo limebandikwa ofisini, naye hasomi, na apatapo habari siku ya mauzo imekwisha kupita. Anayefika wa kwanza ni mwenye simu, pikipiki na akiba, na mara nyingine huyo tayari ana gesi nyumbani. Hapo hakuna aliyeiba kitu, lakini fedha ya wote imemruka yule aliyelengwa.

Tena mtungi wenyewe ukiisha, kuujaza kunalipiwa bei kamili. Tumeona mitungi iliyogeuzwa stuli za kukalia. Kwa hiyo kabla ya kumhimiza mtu anunue, tumsaidie kupiga hesabu ya miezi inayofuata. Pengine jiko banifu litamfaa zaidi kuliko gesi asiyoweza kuijaza.

Wajibu wetu

Kwanza, kila jumuiya iwe na orodha ya kaya zisizo na kitambulisho cha Taifa, na ateuliwe mtu wa kufuatana nao hadi ofisi ya usajili. Kujiandikisha kwa mara ya kwanza hakuna malipo. Kazi hii ifanyike sasa, maana siku ya tangazo itakuwa tumechelewa.

Pili, kiongozi mmoja apewe jukumu la kuuliza katika ofisi ya kijiji na ya wilaya kila mwezi: ni ruzuku gani imetangazwa, kwa masharti gani, na mwisho lini? Habari hizo zisomwe katika jumuiya.

Tatu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitenge mkopo mdogo wa jiko, usio na riba, kwa wajane, wazee na walemavu.

Nne, fedha ya kuunganishiwa umeme ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi idaiwe. Anayedai chochote cha pembeni ili jina liingie katika orodha atolewe taarifa TAKUKURU. Na sisi viongozi tusijitangulize wala kuwatanguliza ndugu zetu.

Tano, tusingoje ruzuku ndipo tuanze kuokoa. Kuni zikaushwe vizuri, sufuria ifunikwe, maharage yalowekwe tangu usiku, na chungu kikichemka kiwekwe ndani ya kikapu kilichojazwa matambara ili kiendelee kuiva bila moto. Haya hayahitaji fomu.

Ndugu zangu, sheria ipo, mfuko upo, na mchango wetu umo ndani yake. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumshika mkono asiyejua njia. Mtu huyo ni jirani yake, naye ndiye ninayemwona ameketi hapa mbele yangu.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni kaya zipi zinazopikia mafiga matatu, na kila moja imezuiwa na nini?
2. Ruzuku iliyopita ilimfikia nani, na nani alikosa?
3. Nani kati yetu atafuatilia vitambulisho, na atatuletea taarifa lini?