Duara Lenye Kona



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Mimi ni mhandisi. Nakagua michoro ya matangi ya maji kabla hayajajengwa. Siku hizi twatumia kompyuta kujua kama chuma kitahimili. Kompyuta hulikata umbo vipande vidogo vingi, ambavyo kwa pamoja twaviita wavu, ikahesabu kimoja kimoja. Taabu ni kwamba vipande vya kawaida vina pande zilizonyooka, na tundu la bomba ni duara.

Chukueni bikari, mchore duara na pembenane ndani yake. Eneo linalopotea ni asilimia 10. Pande zikiwa 16 hupotea 2.6, zikiwa 32, ni 0.6 tu.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Tangi la kijiji kimoja lilikuwa na tundu ubavuni, nami nilianza na pande nane. Sikuridhika, nikakata vipande vidogo zaidi. Lakini nilizigawa zile zile pande nane, sikurudi kwenye duara la mchoro. Kona nane zikabaki. Penye kona ya namna hiyo, kadiri unavyokata ndivyo mkazo unavyopanda, wala hauna kikomo. Kumbe tundu la mviringo katika bamba pana linalovutwa kwa mwelekeo mmoja hukuza mkazo mara 3 tu. Mjerumani Kirsch alikwisha kuonyesha hivyo mwaka 1898. Mimi nikapata mara 4, kisha 5. Nikazuia idhini. Akina mama wakaendelea kwenda mtoni miezi minne.

Aliyeniokoa ni mchoraji kijana wa ofisini. "Mzee, mbona tundu lako lina kona?"

Dawa yake ni kuweka nukta katikati ya kila upande na kuisukuma mpaka ikae juu ya duara, upande unapinda. Kwa pande nane tu zilizopinda hivyo, eneo linalokosekana halifiki moja katika elfu. Lakini kipande kikiwa chembamba, upande uliopinda huweza kuvuka ule wa nyuma yake, kompyuta ikapata eneo hasi na hesabu ikakwama. Yabidi na vipande vya nyuma visogezwe.

Tangi lilijengwa. Mwalimu wangu wa hesabu yuko pale mbele, anacheka. Aliwahi kunirudishia daftari kwa kuchora duara kwa rula.