Kudai Bili Kabla ya Kumwacha Wakili

Mwenyekiti, na wasaidizi wa kisheria wenzangu,

Malalamiko ya ada yanayofika vituoni mwetu hapa Kenya yanafanana sana. Mtu amegongwa na gari, ameshinda kesi, bima imelipa fidia kupitia kwa wakili, kisha anapewa karatasi yenye mstari mmoja: "ada na gharama", na jumla iliyomeza nusu ya pesa. Majirani humwambia atafute wakili mwingine. Mimi nasema kwanza adai bili kamili.

Bili inayopelekwa mahakamani kukadiriwa ina safu tano: tarehe, nambari, maelezo ya kazi, ada, na ya mwisho ni ya afisa wa mahakama kuandika anachokata. Pesa ambazo wakili alimlipia mteja, kama za kufungua kesi, huorodheshwa kando, chini. Keti na mteja msome safu ya tatu polepole. Hapo ndipo hujitokeza siku ya kusikizwa kesi ambayo mteja alikuwepo na wakili hakuonekana, au barua iliyotozwa ambayo hakuna mwenye nakala yake.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mawakili hakimruhusu wakili kumshtaki mteja kwa ajili ya ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu ampe bili yenye sahihi. Basi simu za vitisho zisimfanye mtu auze ng'ombe. Wasipoelewana, naibu msajili hukadiria bili, na asiyeridhika ana siku 14 za kupinga.

Aliyetia sahihi mkataba wa ada ana njia nyembamba zaidi. Bili yake haikadiriwi. Ni lazima aiombe mahakama iufute au iurekebishe mkataba huo, ndani ya mwaka mmoja tangu utiwe sahihi au miezi mitatu tangu adaiwe kwa maandishi, muda wowote utakaochelewa kuisha. Ule wa kulipwa iwapo tu kesi itashinda, kifungu cha 46 hakiukubali.

Kuhama ni haki ya mteja, ila wakili anaweza kuzuia faili hadi alipwe haki yake, kwa hiyo nakala zichukuliwe mapema. Notisi ya kubadilisha wakili isipowasilishwa mahakamani, barua zote za kesi zitaendelea kwenda kwa yule wa zamani. Baada ya hukumu, inahitajika amri ya mahakama au maafikiano ya maandishi kati ya mawakili hao wawili. Kuhusu wakili mpya, hakikisheni kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) kwamba ana cheti cha mwaka huu, na ada iandikwe kabla ya kazi kuanza.

Fidia yenyewe ikizuiliwa, hilo si suala la bili tena. Mpelekeni mteja kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Huduma yake ni ya bure.

Ombi langu kwenu ni hili: yeyote anayelalamikia ada asiondoke kituoni bila barua ya kudai bili, yenye tarehe, na nakala moja ya kugongwa muhuri wa ofisi ya wakili inapopokelewa.