Chumvi Chungu



Hivi karibuni nilikuwa Bagamoyo, kwenye mashamba ya chumvi. Nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya gunia lake, hana raha. Mchuuzi alikuwa ameonja chumvi yake, akatema, akaenda zake.

"Mwanangu," akaniambia, "bahari ni ileile, jua ni lilelile. Mbona ya jirani inanunuliwa?"

Jibu ni kwamba bahari haina chumvi ya aina moja. Lita 1 ya maji yake ina gramu kama 35 za chumvi mbalimbali, na ile ya kupikia ni kama gramu 27 tu. Kila aina ina kiasi chake cha kuyeyuka, kwa hiyo maji yanapokauka hazigandi zote pamoja, zinapanga foleni. Kwanza chokaa, kidogo sana. Maji yakibaki kama sehemu moja ya tano, inaanza jasi. Yakifika kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yetu huonekana. Zile za magnesiamu huyeyuka kwa urahisi mno, basi hubaki majini hadi mwisho. Ndizo chungu, na ndizo zinazovuta unyevu wa hewa hata gunia likalowa bila mvua.

Jirani ana vidimbwi viwili. Katika cha kwanza jasi hubaki chini, kisha maji huhamishiwa cha pili. Chumvi ikishaganda, huyamwaga maji machungu yaliyosalia, hangoji yakauke. Halafu huisuuza kwa maji ya chumvi yaliyokolea. Hayo yameshiba, hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, lakini uchungu huondoka nayo. Angetumia maji ya kisima, nusu ya mali ingemponyoka!

Mzee wangu ana kidimbwi kimoja, naye hungoja tone la mwisho. Sikumlaumu. Gunia huuzwa kwa uzito, na magnesiamu nayo ina uzito wake.

Tulisuuza debe moja kwa maji ya jirani. Mzee akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Sawa," akasema. "Lakini vijana wangu wote wako Dar es Salaam. Kidimbwi cha pili nitachimba na nani?"

Hilo, wasikilizaji, sikuwa na jibu lake. Kwaherini, hadi juma lijalo.