Benchi la Shujaa: Kutoka Singapore 2016 hadi Twickenham 2023

Wasikilizaji wetu wa Ruiru, Juja na Thika, nanyi mliotega sikio pale Kamakis huku nyama ikiwa bado jikoni, kipindi cha leo kinaanzia Jumapili ya tarehe 21 Mei 2023, katika uwanja wa Twickenham jijini London. Jioni hiyo Kenya ilifungwa na Kanada alama 12 kwa 7. Kwa kipigo hicho, Shujaa, timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, ikaanguka kutoka mzunguko wa dunia, daraja la juu la mchezo huu, baada ya kukaa humo zaidi ya miaka 20.

Tarehe yenyewe ilikuwa na uchungu wake. Miaka miwili kamili kabla ya siku hiyo, tarehe 21 Mei 2021, Benjamin Ayimba, aliyewahi kuwa kocha wa Shujaa, alifariki dunia jijini Nairobi baada ya kuugua malaria.

Vijana wanaofanya mazoezi na JKUAT Cougars kule Juja, au na Blak Blad wa Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, wanafaa kulijua jina hilo kabla ya jina lingine lolote. Ayimba aliichezea timu ya taifa ya wachezaji kumi na watano, akaiongoza kama nahodha, kisha mwaka 2006 akakabidhiwa Shujaa. Alipewa muda. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia kule Dubai, vijana wake waliitoa Fiji katika robo fainali kwa 26-7, wakasimamishwa na Argentina katika nusu fainali. Ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera, walikuwa nguzo za kikosi hicho. Mwaka 2011 Ayimba akaondolewa.

Mwaka 2012 akaja Mwingereza Mike Friday. Kwa msimu mmoja tu aliifikisha Kenya nafasi ya tano duniani, ambako haikuwa imewahi kufika kabla, na katikati ya 2013 akaipeleka nusu fainali ya Kombe la Dunia jijini Moscow, ambako Uingereza ilishinda kwa 12-5. Mwaka huohuo akaondoka baada ya kutoelewana na wakuu wa raga nchini. Marekani wakamchukua mwaka 2014, wakakaa naye takriban miaka kumi. Msimu wa 2018-19 Wamarekani, ambao zamani hawakumtisha mtu katika mchezo huu, walimaliza wa pili duniani. Kocha ni yuleyule aliyeachiwa mlango wazi Nairobi.

Baada ya Friday alikuja Paul Treu wa Afrika Kusini, akakaa muda mfupi. Akafuata Felix Ochieng'. Mwaka 2015 Ayimba akaitwa tena.

Ndipo ikaja tarehe 17 Aprili 2016. Katika fainali ya Singapore, Kenya chini ya nahodha Andrew Amonde iliitandika Fiji 30-7 na kutwaa kombe lake la kwanza katika mzunguko wa dunia. Hawa ni Fiji waliochukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye! Mwezi uliofuata, kule London, Injera alivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina na kuwa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya mzunguko huo. Mtu angedhani kocha aliyeleta siku kama hizo angeongezewa miaka minne papo hapo. Kabla ya mwaka kwisha, Ayimba hakuwa kocha tena.

Mrithi wake, Innocent Simiyu, alifika fainali mbili mwaka 2018, Vancouver na Hong Kong. Juni mwaka huo, jijini Paris, wachezaji waliokuwa wakilalamikia malipo yao walifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi. Simiyu akaondoka, na msimu uliofuata, chini ya Paul Murunga, timu iliponea chupuchupu kushushwa. Akaja Paul Feeney wa New Zealand, naye akapita. Simiyu akarudi mwaka 2020, akaondoka tena 2022.

Kwa hiyo Damian McGrath, Mwingereza aliyeajiriwa mwishoni mwa 2022, alirithi benchi lisilokuwa na mizizi, tena katika msimu ambao daraja la juu lilikuwa likipunguzwa hadi timu 12. Na waliomwangusha Twickenham ni Kanada, timu aliyoifundisha yeye mwenyewe na kuipa kombe la Singapore mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya Ayimba kulichukua palepale. Wapo waliomtupia lawama zote. Hawakumtendea haki: hakuna kocha anayejenga kikosi kwa nusu mwaka.

Mkenya Kevin Wambua alipokea timu mwaka huohuo wa 2023. Septemba 2023, mjini Harare, Shujaa iliifunga Afrika Kusini 17-12 katika fainali na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024, mjini Madrid, iliilaza Ujerumani 33-15 na kurejea daraja la juu. Paris haikuwa tamu, kwani mechi zote tatu za kundi ziliisha kwa kushindwa, zikiwa na Argentina, Australia na Samoa. Baada ya mechi hizo kelele za kutaka mabadiliko kwenye benchi zilikuwa rahisi kupigwa, kama zilivyokuwa rahisi 2011, 2016 na 2018.

Olimpiki ijayo ni Los Angeles, mwaka 2028. Chama cha Raga Kenya kinapaswa kusaini na kocha mkataba unaofika huko, kiwalipe wachezaji kwa wakati, na kiziweke kando hukumu zake hadi mashindano hayo yaishe.