Mji na Waanzilishi Wake



Mwanafunzi akiulizwa mji wake ulianzishwa na nani, mara nyingi hutafuta jina la mtu mmoja: gavana, jemadari au Mzungu aliyejenga boma. Jibu la namna hiyo ni jepesi, lakini halitoshi. Mji huzaliwa na njia, maji na kazi, na waanzilishi wake ni wengi kuliko majina yaliyochongwa katika mawe.

London ni ushahidi wa jambo hilo. Majeshi ya Roma yalipoivamia Uingereza mwaka 43 B.K., hapakuwa na mji mahali pale. Palikuwa na mto Thames, na sehemu ambako daraja liliweza kujengwa na vyombo vya baharini viliweza kufika. Mnamo mwaka 50 hivi barabara zilikuwa zimekutana darajani, na wafanyabiashara wamejenga. Mwaka 60 au 61 wenyeji walioonewa, wakiongozwa na malkia Boudica, waliuteketeza mji huo kwa moto. Ukajengwa upya pale pale, kwa kuwa njia zilikuwa bado zinakutana.

Utawala wa Roma ulipokoma mnamo mwaka 410, mji ulififia, na kumbukumbu za watu wake wa mwanzo zikalala matopeni kwa karne nyingi. Katika miaka ya 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua humo vibao vya mbao zaidi ya 400. Kimoja kina tarehe ya 8 Januari, mwaka 57. Hakisimulii ushindi wa vita. Ni hati ya deni: mtu aliyetoka utumwani anakiri kudaiwa dinari 105 za bidhaa alizokwisha kupokea. Hao ndio waliokuwa wakiujenga mji: wanunuzi, wauzaji na makarani.

Hali si tofauti sana Njombe na Makambako. Nchi ya Wabena ilikuwa na watu, mashamba na watawala wake kabla ya mkoloni yeyote. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Nako pia wenyeji walikataa kuchaguliwa mtawala na wageni. Chini ya Waingereza Njombe ikawa makao makuu ya wilaya, karibu na mto Ruhuji, ambao maji yake hufika Rufiji kwa kupitia Kilombero. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miti ya miwati, ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kitabu kitataja kampuni. Mikono iliyopanda miti na kubandua magome haitajwi.

Makambako ulikua kwa sababu nyingine. Mwezi Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikahitaji njia ya kufika baharini isiyopita kwa adui. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mkataba wa reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwezi Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa. Stesheni ya Makambako iko mahali ambapo njia ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Barabara za Roma zilitumikia dola iliyotawala wengine. Reli hii ilijengwa ili jirani asinyongwe. Hata hivyo kanuni ni ile ile: njia zilipokutana, watu walikuja na kazi zao, na mji ukasimama.

Tofauti kubwa iko katika ushahidi. Ili kuwajua waanzilishi wa London ilibidi kuchimba ardhi. Waanzilishi wa Makambako wengine wangali hai. Vijana waliobeba mataruma na kupasua miamba, na akina mama waliowapikia, sasa ni wazee, na kila mwaka idadi yao hupungua.

Basi kazi ya mwalimu ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee hao, wakiwa na daftari na maswali yaliyoandaliwa: nani alijenga nyumba ya kwanza mtaani, maji yalichotwa wapi, shamba lilikuwa la nani kabla ya reli. Majibu yaandikwe, yawekwe shuleni. Kazi ya mtumishi wa umma ni kutolichoma jalada kuukuu kwa sababu tu limejaa vumbi. Ramani ya viwanja, kumbukumbu za mkutano wa kijiji na stakabadhi ya ushuru wa soko ni vibao vya mbao vya Makambako.

Mji usioandika habari zake huandikiwa na wengine, na mwandishi mgeni humtaja kwanza mwenye boma. Mkulima, kuli na mpishi hubaki nje ya kitabu, ilhali mji ni wao.